Friji Lililokatwa na Swichi Mpya

Nyumbani kwetu Kilindoni, kisiwani, friji lilifunguliwa kwa kanga. Mama alikunja pindo, akashika mpini, akavuta. Mgeni akilishika mikono mitupu akaruka, watu walicheka. "Linatekenya tu," mama alisema. Niliporudi kutoka chuo kikuu sikuweza tena kucheka. Kwa nini umeme uwe mlangoni mwa friji? Niliuliza mpaka nikaambiwa nimesoma hadi nimekuwa mwoga.

Kisha meni swichi yetu, kile kisanduku cha bati kinachogawa umeme wa nyumba nzima, ikaliwa na kutu mpaka mfuniko ukadondoka. Mama akamwita fundi kutoka Baleni, aliyefunga umeme nusu ya mtaa.

Alikuja na kisanduku cha plastiki. Bati alikuwa ameapa kutolitumia tena, kwa kuwa upepo wa bahari hulila. Kila skrubu aliipaka grisi, na kila waya aliuachia urefu wa ziada akaukunja ndani, ili chumvi ikila ncha akate na kuufunga upya. Nilisimama nyuma yake, nikazunguka, nikarudi.

"Mbona hakina ile swichi inayokata umeme ukivuja?"

"Ile ya watu wa Dar, msomi. Hapa ikinusa unyevu tu, imekata. Halafu mwenye nyumba anasema fundi mbovu. Mimi napenda kisanduku kinachonyamaza."

"Kinyamaze hata mama akirushwa?"

"Jamani, nipo hapa hapa," mama alisema. "Msinizike."

Sikutulia. Nilimwagiza mtu aliyekuwa Dar, swichi ikaja na ndege. Fundi aliifunga huku akitikisa kichwa, akachimbia na nondo ya ardhi, ile inayoupeleka mchangani umeme uliovuja, nyuma ya bafu, anapopendelea yeye, kwa sababu mchanga wa pale haukauki. Akawasha. Tak! Ikakata. Akawasha tena. Tak!

"Si nilisema mimi?"

"Toa hicho kidude, fundi," mama alisema. "Barafu zangu zinayeyuka."

Barafu za ukwaju aliwauzia watoto wa shule. Ndiyo kazi pekee aliyoifanya bila kumwomba mtu ruhusa wala msaada.

"Ngoja!" nikasema. Nilichomoa kila kitu ukutani. Swichi ikakaa. Nikachomeka televisheni, ikakaa. Pasi, ikakaa. Friji: tak!

Fundi aliinama nyuma ya friji na tochi, akatoka na kiganja cha kutu. "Huku hakuna bati tena, mama. Waya umelala juu ya kutu."

"Linatengenezeka?"

"Hili la kutupa. Ila naweza kuiruka hiyo swichi, umeme wa friji usipitie humo. Linawaka sasa hivi, na kanga yako unajua kuitumia."

Nilikuwa na maneno mengi tayari. Mama aliinua mkono kabla sijaanza.

"Usingekuja, mwanangu, leo ningekuwa nauza."

"Na ungekuwa unarushwa."

"Nimerushwa miaka yote, na niko hai."

Kuwa hai ni ushahidi, ingawa ni ushahidi wa ovyo. Mama akamgeukia fundi.

"Wewe, mkeo angekuwa na friji kama hili, ungemwachia?"

Fundi aliviringisha utepe wake wa gundi, akaukunjua. "Ningemkataza."

"Ungemkataza! Mimi unaniwekea kinachonyamaza, mkeo unamkataza?"

"Wewe ni mteja, mama. Wateja wanataka umeme uwake."

"Basi iache hiyo swichi."

Alifungua friji lililozimwa, akatoa barafu zote kwenye beseni, akawaita watoto wa jirani wazile kabla hazijawa maji. Nilisubiri nijisikie mshindi. Badala yake nilizunguka ua, nikijiuliza friji jingine litatoka wapi, na kama nilikuwa na haki ya kumwondolea mtu kazi yake kwa sababu nilikuwa sahihi.

Siku zilizofuata watoto waliendelea kugonga mlango wakitoka shule.

"Barafu zipo?"

"Muulizeni huyu," mama alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akichambua.

Nikatoka mimi kuwaambia kwamba hazipo.