Kipanga Ngapi Zilitoka Gongoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, donge la nta na gunia la sufi, nikaonyeshwa kigoda karibu na mlango wa karakana. Nilikuwa na miaka kumi na minane, binti peke yangu kati ya wanaume kumi na mmoja wenye grisi hadi viwikoni. Marehemu baba alikuwa mshona magodoro hapa Gongoni, Tabora, na ndiye aliyenifundisha kushona kitu kinene bila kujichoma. Fundi Mkuu hakunitazama uso, alinitazama mikono.

"Ukishona kiti kikapwaya," aliniambia, "dereva atakata kona na kiti kitabaki nyuma. Umesikia, binti?"

Nikasema nimesikia. Sikuelewa hata kidogo, maana maishani mwangu sikuwa nimepanda chombo chochote zaidi ya baiskeli na treni.

Nyinyi vijana mnaoniuliza habari za gari lile, ngoja niwaeleze lilivyokuwa. Tuliliita Kipanga. Lilikuwa gari la spoti, la watu wawili tu, halina paa ila turubai la kuvuta mvua inapokuja. Injini na chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, zilitoka kwenye pikapu ndogo zilizochoka. Bodi tuliifua wenyewe kwa nyundo, bati juu ya kalibu ya mbao ya mninga, siku kumi na tano za kelele kwa kila gari. Wanunuzi walikuwa wafanyabiashara wa tumbaku, daktari mmoja wa Shinyanga, na vijana waliorithi mali wakakosa mtu wa kuwazuia.

Mimi nilikuwa wa viti. Kwanza unasuka mikanda ya katani kwenye fremu ya chuma, kisha unaweka sufi, kisha unafunika kwa ngozi ya ng'ombe. Sufi ukiijaza kidogo kiti kinazama, ukiizidisha kinakuwa kigumu kama benchi la kanisani. Ngozi inalowekwa na kuvutwa ikiwa bado na unyevu, ili ikikauka ijikaze yenyewe. Baada ya miezi minane Fundi Mkuu alikaa juu ya kiti changu, akajitikisa, akasema, "Haya." Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kumsikia akimpa mtu.

Juu yetu sote alikuwapo Bwana Mkubwa, mwenye karakana, mtu wa suruali zilizopigwa pasi na maneno mengi. Chini yake alikuwa Fundi Mkuu, ambaye maneno yake yalihesabika. Halafu kulikuwa na Bwana Stoo, mtunza vifaa, kijana wa Kinyamwezi wa familia ya wakulima Wakatoliki wa upande wa Kipalapala. Alinizidi miaka kama sita. Huwezi kuchukua hata msumari bila yeye kukutazama usoni na kusema jina lako lote. Nilimpenda kama kaka, na bado nampenda.

Katika stoo yake palikuwa na kasha la chapa za namba. Hivi ni vipande vya chuma kigumu, kila kimoja kina tarakimu kichwani. Unakiweka juu ya bati, unagonga nyundo mara moja, namba inabaki. Seti moja ina vipande tisa badala ya kumi, kwa kuwa sita ikigeuzwa ni tisa. Kila Kipanga ilipomalizika, Fundi Mkuu alilitoa kasha kwa heshima, akagonga namba ya gari kwenye chasisi na kwenye kibati kidogo chini ya boneti. Gari la kwanza namba moja, la pili namba mbili, hivyo hivyo.

Sasa nifike nilipopaogopa. Viti vya Kipanga havikufanana. Kila kimoja kilipinda kidogo kufuata mlango wake, nami nilikuwa nikiviandika 1 na 2 kwa chaki chini ya fremu ili mfungaji asivichanganye. Chaki ikawa inafutika. Mara mbili vilifungwa kinyume, na mara zote mbili nikafokewa mimi. Basi mchana mmoja, tukiwa tumeshamaliza gari la kumi na moja, Bwana Stoo alikwenda kula, nikalifungua kasha lake, nikachukua chapa ya moja na ya mbili. Ya moja ilikubali vizuri. Ya mbili niliigonga ikiwa imekaa upande, kichwa kikakatika, nusu ya tarakimu ikaruka nisijue imeangukia wapi.

Ningeweza kwenda kwa Fundi Mkuu nikasema. Nilichofanya ni kwenda nyuma ya karakana, kwenye choo cha shimo, nikaidumbukiza. Ya moja nikairudisha kwenye kasha, nikakaa kushona mpaka jioni.

Ilipofika zamu ya gari la kumi na mbili, Fundi Mkuu akafungua kasha, akakuta pengo. Alimwita Bwana Stoo mbele yetu sote.

"Chapa ya mbili iko wapi?"

"Fundi, juzi ilikuwapo."

"Mimi sikuulizi habari za juzi."

Nilikuwa hatua tano kutoka hapo, shazia mkononi. Niliendelea kushona. Wiki ileile Bwana Stoo aliondolewa, akapelekwa Kaliua, kwenye kiwanja chetu kidogo cha kupokea mbao za mninga zilizotoka njia ya Mpanda. Aliondoka na sanduku moja, akaniaga kwa mkono. Sikulala vizuri kwa mwezi mzima, na kusema kweli nilistahili.

Chapa nyingine iliagizwa Dar es Salaam na haikuja. Kuchonga namba kwa tindo Fundi Mkuu alikataa, akasema gari lenye namba ya kuchonga linafanana na la wizi, polisi watalishika Nzega. Bwana Mkubwa ndiye aliyeamua. "Gari haliwezi kusubiri tarakimu," alisema. "Ruka." Basi gari la kumi na mbili likagongwa kumi na tatu. Tulikwenda hivyo mpaka kumi na tisa, na kutoka hapo, kwa kuwa ishirini zote zina mbili ndani yake, tukarukia thelathini. Bwana Mkubwa alifurahi sana. Mteja akiona thelathini, alisema, ataona sisi ni watu wakubwa.

Thelathini na moja ilipakiwa kwenye treni, ikaangushwa wakati wa kushusha huko Kaliua, ubavu ukabonyea na mnunuzi akaikataa. Ilikaa kiwanjani kwa Bwana Stoo. Miezi michache baadaye karakana ilifungwa, vipuri vikiwa vimeadimika kabisa, na Bwana Mkubwa akampa gari lile kama mkono wa kwaheri. Alilinyoosha kidogo kidogo kwa miaka, akarudi nalo Tabora akiwa na mke na watoto watatu. Mimi nilikwenda Nzega kushona viti vya mabasi, nikapanda hadi msimamizi wa kitengo, nikastaafu na kurudi Gongoni nikiwa na macho yangu mazima na mgongo unaolalamika. Nina nyumba yangu, wajukuu, na jirani mwema ambaye ni Bwana Stoo.

Mwaka huu alikuja mgeni kutoka Dar, katibu wa chama cha wapenzi wa magari ya zamani, kijana mwenye adabu. Wanaandika orodha ya Kipanga zote, wanataka kujua zilitengenezwa ngapi. Tulikuwa uani kwa Bwana Stoo, gari limefunuliwa turubai, mimi nakunywa chai.

"Shikamoo mzee. Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Karibu."

Alitueleza hesabu yao. Karatasi za karakana zimepotea, kwa hiyo wanakusanya namba za magari yaliyobaki. Unachukua namba kubwa kuliko zote, unaongeza kidogo kwa ajili ya yale usiyoyaona. Wameona saba, kubwa kuliko zote ni kumi na tisa, hivyo makadirio yao ni magari kama ishirini na moja. Akainama chini ya boneti ya Bwana Stoo, akainuka polepole. Thelathini na moja haikumwingia akilini. Na Bwana Stoo, kwa unyofu wake, alikuwa ameshamsimulia jinsi alivyopelekwa Kaliua kwa sababu ya kasha la chapa.

"Mzee, usinielewe vibaya," kijana alisema. "Kasha la chapa lilikuwa mikononi mwako. Halafu gari lenye namba isiyoeleweka liko uani kwako. Wenzangu watasema namba hii imeghushiwa. Siwezi kuliandika."

Bwana Stoo alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi tayari. Nilimwona mzee wa zaidi ya miaka themanini akishutumiwa mara ya pili kwa kosa langu lilelile, na nilijua nikimaliza chai yangu na kwenda nyumbani, jambo hilo ndilo litakaloandikwa. Nikapiga moyo konde.

"Chapa ya mbili niliivunja mimi," nilisema. "Nikaitupa chooni."

Nikaeleza yote, mpaka kurukia thelathini. Kijana akauliza kama nina ushahidi. Nikamwambia sina, na kwamba juu ya shimo lile sasa kuna duka la simu. Lakini alikuwa ameshaanza kupekua makaratasi yake. Kuna mtu Mwanza, alisema, ana gari namba kumi na tatu pamoja na barua ya Bwana Mkubwa inayoliita "gari letu la kumi na mbili." Walikuwa wameamua kwamba Bwana Mkubwa alikosea.

"Hakukosea," nikasema. "Andika. Moja hadi kumi na moja. Kumi na tatu hadi kumi na tisa. Thelathini, thelathini na moja. Baada ya hapo nilishona viti vya thelathini na tatu, na nadhani vya moja zaidi, lakini hilo la mwisho siapi."

Alijumlisha. Ishirini na moja, au ishirini na mbili. Hesabu yake ya mwanzo ilikuwa sawasawa kabisa, ila mtu aliyetaka kumtupa nje ndiye aliyekuwa mkweli. Aliliandika gari, akamwomba mzee radhi kwa mikono miwili.

Bwana Stoo alikuwa bado ameshika kitambaa. "Zuhura," aliniambia, "kumbe wewe? Mimi miaka yote nilijua ni Fundi Mkuu. Nilijua aliivunja mwenyewe akanisingizia." Akakunja kitambaa. "Sikwenda hata kumzika."

Hilo sikuwa nimelifikiria kamwe. Nililia mbele ya mgeni.

"Panda," akasema.

Tulikwenda makaburini kwa Kipanga, polepole, watoto wakitukimbilia. Nilimwombea dua Fundi Mkuu. Bwana Stoo alivua kofia, akasimama muda mrefu, akasema, "Fundi, nilikuwekea kinyongo bure." Aliponirudisha mlangoni kwangu hakuzima injini. "Nitakukasirikia kesho," aliniambia. "Leo nimechoka."

Nimestaafu vizuri, na nikiulizwa nawaambia vijana nilijua kazi yangu. Chombo ukikivunja, sema siku hiyohiyo. Ukisubiri, unawavunja na watu.

Kesho yake saa tatu asubuhi alikuja kweli. Alikataa kiti, akanikasirikia akiwa amesimama: habari za Kaliua, za sanduku lile moja, za mama yake aliyekufa akiamini mwanawe ni mzembe. Sikujitetea kwa neno lolote. Ilipofika saa sita nikamuuliza kama atakula. Akauliza mboga ni nini.