Adabu ya Paka Mbele ya Mama Mkwe

Ndugu zangu, chekeni polepole, maana hata mke wangu bado ananiangalia kwa jicho la pembeni. Tulipata mtoto wa paka sokoni Uriri, na mimi, kwa vile ni mzee wa kanisa, nikajipa kazi ya kumfundisha adabu ya mezani. Alitakiwa kukaa kwenye gunia lake, asiguse samaki mpaka tuseme "Amina". Akinyoosha mkono mapema, nilimpiga kofi jepesi na kumkemea. Nilijisifu kwa kazi hiyo mpaka waumini wakaanza kunikwepa.

Sabato moja mama mkwe akaja kutoka Kosele, mara yake ya kwanza kula kwetu. Mke wangu akaweka samaki aina ya ngege, wa kukaanga, mezani, tukafumba macho, mke wangu akaanza kuomba. Aliombea mvua, akaombea shule, akaombea mpaka majirani. Hapo nikasikia kitu kikipita taratibu juu ya sahani ya samaki. Huyu paka ataniaibisha leo! Sikufumbua hata macho. Nikashusha kofi moja zito.

"Toa mkono, mwizi wewe! Huna adabu hata mbele ya wageni?"

Maombi yakakatika. Nikafumbua macho. Paka alikuwa ametulia kwenye gunia lake, anangoja Amina. Mama mkwe alikuwa amekumbatia mkono wake kifuani.

"Baba Akinyi," akasema kwa upole, "nilikuwa nafukuza nzi."