Bega la Akinyi

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo sitaisahau. Tulikuwa tumekaa kando ya barabara Kawangware, sisi wanawake wa kufua, tukingoja madam wenye magari waje kutuchukua tukawafulie. Rafiki yangu Akinyi alikuwa ametembea kutoka Lindi, kule Kibera, na alikuwa amejishika bega.

"Toa mkono hapo," nikamwambia. "Madam hachukui mgonjwa."

"Bega imekataa, dada. Ni miezi sasa. Hata kuchana nywele siwezi."

"Basi nyoa."

Akacheka, lakini mkono akautoa. Nikampa vidonge viwili vya maumivu, vile vya kioski vinavyouzwa kimoja kimoja. Gari la madam liliposimama, alijinyoosha akachaguliwa wa kwanza.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi nilimpa vidonge, mara nyingi kabla hajala, naye akaenda kukamua mablanketi ya watu. Alipoanza kusema tumbo linamchoma, nilimwambia ni njaa. Hapo nilikosea, na sitamsingizia mwingine.

Siku alipotapika damu tulimkimbiza hospitali. Daktari akaona vidonge vilivyobaki mfukoni mwake, akauliza, "Hizi dawa nani alikuwa anampa?"

"Ni mimi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema dawa hizo, zikimezwa kila siku bila kupimwa, huchimba tumbo. Na lile bega, kwa jinsi nilivyomweleza, huenda lilikuwa misuli iliyochoshwa na kukamua. Lingeweza kutulizwa kwa kitambaa cha moto, mazoezi ya polepole na siku chache za kazi nyepesi. Siku chache tu, mwanangu.

Akinyi hakurudi Lindi; alifia pale hospitalini. Tulimsindikiza kwao kuzikwa, upande wa ziwa, na mama yake akanishukuru kwa kumtunza.

Kwa hivyo nakuambia: maumivu yakikaa wiki baada ya wiki, usiyafiche wala usijipimie dawa. Nenda ukaonwe, useme unafanya kazi gani na unameza nini. Usilale tu ukingoja yaishe; nyoosha mwili kidogo kidogo, kama utakavyoonyeshwa. Na mwenzako akisema anaumia, mwamini, hata kama huoni kidonda.

Mungu akupe mwili wa kukufikisha uzeeni, na siku utakaposema unaumia, akupe mtu wa kukusikia vizuri kuliko nilivyomsikia Akinyi.