Ukingo wa Kushoto

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na studio ndogo karibu na soko la Gisenyi, nikiishi kwa picha za vitambulisho. Mzungu mmoja wa misaada, alipokuwa anarudi kwao, aliniachia lenzi pana inayoingia kwenye kamera yangu. Kamera hiyo ilikuwa ya aina ambayo huangalii kupitia lenzi. Unachungulia kidirisha cha pembeni, unamwona mtu mmoja amekuwa wawili, unazungusha lenzi mpaka wale wawili wanakuwa mmoja. Kwa hiyo ubovu wa lenzi huuoni mpaka picha zisafishwe, na wakati huo umeshachelewa.

Mimi sikuruhusiwa kuchelewa. Dada yangu alikuwa anakuja kuposwa rasmi, na mama alitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu. Picha zetu zote ziliungua pamoja na nyumba ya Masisi tulipokimbia. Sasa ndugu wa Goma wangevuka mpaka, wale wa Kigali wangepanda, na ukoo wote ungekaa chumba kimoja kwa mara ya kwanza tangu tuhame.

"Nipatie picha moja yenye batu bote," aliniambia. "Sitaki mbili za kuunga."

Chumba kilikuwa sebule yetu, maana siku zile milimani kulikuwa na risasi na hakuna aliyethubutu kufunga hema nje. Kwa lenzi yangu ya kawaida, hata nikibana mgongo mlangoni, nilipata nusu ya viti. Ile pana ilimeza sebule nzima. Lakini je, ilikuwa nzima? Cha bure hakiulizwi bei, ila mimi nilitaka kukiuliza afya.

Nilikwenda Nyundo, nikasimama mbele ya ukuta wa matofali. Matofali ni mtihani mzuri: yako sawa kila mahali, yakififia upande mmoja unajua. Askari wa doria akaja kunisimamia.

"Unapiga nini?"

"Ukuta."

"Na mutu iko wapi?"

Nilimweleza habari ya lenzi. Alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayemhurumia mgonjwa, kisha akaenda kusimama mwenyewe mbele ya ukuta, upande wa kulia. Nikampiga.

Filamu zangu zilisafishwa Goma, kwa fundi jirani wa shangazi yangu. Shangazi alikuwa akivuka kila siku kuuza vitenge, na picha zilirudi ndani ya mzigo wake. Askari alitoka safi, mpaka vifungo vya shati. Matofali ya kushoto yalikuwa uji.

Nikasema labda nilisimama upande. Nikarudi, nikaupiga ukuta uleule nikiwa nimeigeuza kamera juu chini. Kama ubovu ni wa lenzi, ukungu ungehamia kulia. Haukuhama. Nikasema basi ukuta ndio umepinda. Nikashuka Rubona, nikapiga ukuta mwingine, mrefu, karibu na kiwanda cha bia. Kushoto tena, uji.

Si lenzi, si ukuta. Nilikuwa nimebaki mimi. Nilijipima mabega kwenye kioo cha studio, nikafumba jicho hili, nikafumba lile. Nilikasirika, nikamgombeza mteja aliyepinda shingo kidogo. Usiku nilikuwa nazipanga picha za kuta mezani, mama akizipitia moja moja kama anachagua maharage.

"Kushoto inaharibikaka," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama. Sijui kwa nini."

"Bon, sawa. Tumejua kwenye inaharibikia."

Siku ilifika, na mpaka ulikuwa wazi. Mahari ilipokwisha kusemwa na vinywaji kunywewa, niliupanga ukoo ukutani. Kwa desturi mama mzazi hukaa katikati, ubavuni mwa binti. Nilimwekea kiti chake hapo. Yeye akamshika mkono shangazi mmoja wa Kigali, akamkalisha hapo, kisha akaenda kukaa kiti cha mwisho, kushoto.

"Mama, hapo utafifia."

"Benye kutoka mbali bakae pazuri. Mi unanionaka kila siku."

Kila mtu alinisubiri. Nikapiga.

Picha ilirudi kama tulivyotarajia: wote safi, na kushoto kitenge chenye uso wa ukungu. Tuliitundika sebuleni. Wageni wakiuliza yule ni nani, tulisema ni mama, anacheka. Tulikubaliana hivyo, na yeye hakubisha.

Mama alipofariki, miaka mingi baadaye, nilipeleka filamu ile Kigali ikasafishwe kwa ukubwa. Fundi wa huko alinipa picha safi kutoka ukingo hadi ukingo. Nilidhani ameirekebisha. Akaniambia hakugusa kitu, filamu ilikuwa safi tangu mwanzo. Ndipo nilipoelewa kwamba mashine ya kukuzia ya Goma, ile inayohamisha picha kutoka filamu hadi karatasi, ndiyo iliyoinama upande, na picha zangu zote zilipitia mle zikiwa zimesimamishwa wima, hata ile niliyoipiga juu chini. Za vitambulisho hazikuonyesha kitu, kwa sababu nani anatazama ukingo?

Na mama hakuwa anacheka. Hakuwa hata anatazama kamera. Alikuwa amegeuka kuwatazama wale aliowapa nafasi nzuri, na alikuwa analia, machozi yakifika kidevuni, mkono umeshika ncha ya kitenge bila kuyafuta. Tulikuwa chumba kimoja, mimi nikimtazama kupitia kidirisha, na sikuona.

Nilimpelekea dada picha mpya. Aliishika muda mrefu, akaniomba nimwachie ya zamani ukutani. Hii mpya iko kwangu, ndani ya kabati, na bado sijui niitundike wapi.