Mama Masikio na Mraba Mweupe

Kwenye karatasi za mshahara aliandikwa mhudumu wa vifaa, lakini wenzake pale ukumbini walimwita Mama Masikio, kwa kuwa kwa miaka kumi na minne alikuwa akigawa hedifoni za kusikilizia tafsiri. Unampa kitambulisho, anakupa hedifoni. Na hampi mtu kabla hajaivaa mwenyewe akasikiliza maneno mawili matatu, kuhakikisha haikwaruzi. Kwa mtindo huo alikuwa ameokota elimu ya kila namna: bima, meno, samaki, sheria za anga. Mwenyewe alijisifu kuwa ana digrii zote, ila zote nusu.

Kongamano la vinasaba lilileta wataalamu mia nane kutoka pande zote za dunia. Siku ya pili, akijaribu hedifoni ya bwana mmoja mwenye haraka zake, alimsikia mkalimani akisema kuna ugonjwa wa moyo unaomwangusha mtu mzima ghafla akafa, hata akionekana ana afya njema. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Ukigundulika mapema, kuna vidonge vya kumkinga. Bwana alinyoosha mkono apewe yake. Mama Masikio hakumpa. Alisikiliza mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Dada yake mkubwa alianguka hivyohivyo, akianua nguo, miaka ishirini na sita iliyopita. Miaka mingi baadaye watafiti walikuja nyumbani, wakachora ukoo mzima kwenye karatasi kubwa, wakawatoa damu waliowataka, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna aliyewafikiria tena.

Saa ya chai alikwenda kwenye korido yalikobandikwa mabango. Bango la kumi na moja liliandikwa "Familia ya Saba". Majina hayakuwepo, ni miraba ya wanaume na maduara ya wanawake tu, lakini mtu huijua nguo yake hata ikianikwa kwenye kamba ya jirani. Ndugu sita, wa pili na wa tatu mapacha. Duara jeusi la mgonjwa, lililokatwa mstari wa aliyekufa, ni dada huyo, na chini yake hakuna mtoto. Kando yake duara jeupe, yeye mwenyewe, na chini yake watatu, wa kwanza mraba mweupe. Maelezo yalisema mwanamke huyu alipimwa, hana ugonjwa, kwa hiyo watoto wake hawakuhitaji kupimwa.

Mraba ule ulikuwa mtoto wa dada.

Tusimhukumu haraka. Kichanga kilikuwa na miezi mitano mama yake alipoanguka, na baba yake alishajiendea zake zamani. Mama Masikio alikichukua, akakilea, akaweka sheria moja ndani ya nyumba: asisikie mtu akitamka neno yatima. Jirani mmoja aliyeteleza ulimi alinyimwa salamu miaka miwili. Basi watafiti walipouliza, "Mama, umezaa wangapi?" alijibu watatu bila kupepesa macho, kijana mwenyewe akiwa ameketi palepale anamenya chungwa. Hakuona kama amedanganya. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Ila wahenga hawakuwahi kumchorea mtu bango.

Daktari wa kike, mwenye bango, alikuwa amesimama kando yake na kikombe cha chai.

"Samahani, daktari. Huyu mmemweka sipo."

"Mama, taarifa hizi zilichukuliwa kwa umakini sana."

"Najua. Mimi ndiye niliyezitoa."

Daktari alitua kikombe. Mama Masikio akaeleza yote, kisha akauliza, "Hamwezi kumpima bila kumwambia? Yeye ni fundi vigae, semeni mnapima mafundi vigae wote wa mji."

"Haiwezekani. Ni mtu mzima, lazima ajue tunatafuta nini na kwa nini. Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na mama yake alifariki akiwa na mingapi?"

"Ishirini na saba."

"Mwite leo hii," alisema daktari.

Kijana alikuja saa saba, magoti yamejaa saruji. Mama Masikio alikuwa ametunga utangulizi mrefu, ukamtoroka wote. Aliweka kidole kwenye duara jeusi.

"Huyu ndiye aliyekuzaa. Mimi nilikuchukua una miezi mitano. Aliuawa na moyo, na huenda na wewe unao. Ndiyo maana nimekuita."

Kijana aliufuata mstari kwa kidole, kutoka duara jeupe hadi mraba, mara mbili, kama anavyokagua sakafu.

"Nani mwingine anajua?"

"Wakubwa wote."

"Siku ile hawa watu wanauliza, mimi si nilikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Ukawadanganya mbele yangu, na moyo ni wangu."

"Ndiyo, baba."

Kijana akatia sahihi, akatolewa damu, akarudi kwenye vigae vyake. Mama Masikio alirudi mezani na kugawa hedifoni mpaka jioni.

Wiki mbili baadaye, wataalamu wa vinasaba wameshaondoka na ukumbi umejaa watu wa bima, simu iliita.

"Ninao," alisema kijana. "Nimeanza vidonge jana. Daktari anasema nimewahi."

"Mungu mkubwa." Mama Masikio aliketi juu ya boksi. "Unajisikiaje, mwanangu?"

"Mzima. Asante kwa kuniambia." Alisema kwa adabu, ile adabu ya kuongea na watu wa nje. "Haya, mama mdogo, tutaongea."

Simu ikakatika. Ndilo jina lake halali kwa mtoto wa dada mkubwa, na kijana hakuwahi kumwita hivyo tangu aanze kusema. Mtoto alikuwa salama, na yeye akalia kama mtu aliyefiwa.