Nilivyowakosha Kondoo wa Bibi

Watu wengi wakinusa marashi ya mawaridi hukumbuka harusi. Mimi huziba pua, na sioni haya kukuelezeni kwa nini.

Nilikuwa na miaka minane, nyumbani kwetu Sib, Omani. Bibi, aliyemzaa mama, alilazwa hospitali kupasuliwa moyo. Chumbani kwake ilitundikwa picha ya rangi za maji iliyochorwa na Mjerumani mmoja zaidi ya miaka mia iliyopita: malisho, kijito, kondoo saba. Marehemu Babu aliinunua Unguja, na walipohamia Omani Bibi aliipakata njia nzima.

Wiki ile mwalimu wetu wa Kurani alisema malaika hawaingii nyumba yenye sura za viumbe. Nikaingiwa na hofu. Malaika wasipoingia, Bibi atapona vipi? Siku ya kupasuliwa, wakubwa wote wako hospitali isipokuwa shangazi aliyekuwa jikoni, niliishusha picha, nikafungua fremu kwa nyuma, nikachovya pamba kwenye marashi ya Bibi. Maji ya bomba niliona si ya heshima. Nilikusudia kufuta nyuso tu, lakini rangi ilichuruzika mpaka kijitoni. Nikaitundika tena, nikakaa siku tisa nikiomba mambo mawili yasiyopatana: Bibi arudi, na Bibi asirudi.

Alirudi Ijumaa, amekonda. Alisimama mlangoni mwa chumba chake, akaitazama picha. Nilikuwa nimeng'ang'ania pazia.

"Nani kawakosha kondoo wangu?"

"Mimi, Bibi," nikasema huku nalia. "Nilitaka malaika waingie, upone."

Mama alinyanyua mkono. Bibi akaudaka.

"Muwache. Mie si huyu nnasimama? Basi wameingia."

Akanikumbatia, nami nikaona yamekwisha.

Alipofariki, mimi tayari nina watoto wangu, ndipo mama aliponieleza. Kabla ya kumzaa mama, Bibi alizaa binti, Salma, aliyekufa Unguja akiwa na miaka minne. Kila siku Babu alikuwa akimbeba mbele ya picha ile, na kila kondoo Salma alimpa jina. Salma mwenyewe hakuwahi kupigwa picha.

Miaka yote nilijiona nimesamehewa karatasi. Kumbe nilikuwa nimemfutia Bibi kitu pekee alichobaki nacho cha mwanawe, naye akamshika mama mkono nisipigwe.