Macho ya Mama Usafi

Jina la Mama Usafi alilipata kwa ajili ya fagio, na alipoliacha fagio jina halikumwacha. Aliingia pale studio kufagia, kupiga deki na kufuta vumbi kwenye mitambo. Siku moja fundi, mwenye studio, alikuwa akihangaika na hotuba ya harusi iliyorekodiwa vibaya, Mama Usafi akiwa ameshika ndoo mlangoni akamwambia kwamba kuna kiti kinalia kila bwana harusi anapolitaja jina la bibi harusi. Fundi akasikiliza upya, akacheka mpaka akavua miwani. Baada ya hapo akamkalisha mbele ya kompyuta, akamfundisha kuondoa vikohozi, viti, mbwa na watoto wanaolia katika kazi za watu. Mteja akiuliza huyu mama ni nani, fundi alimjibu kwamba ni Mama Usafi, zamani alisafisha sakafu na siku hizi anasafisha sauti, mshahara ule ule. La mshahara alilisema kama utani. Mama Usafi hakuwahi kulicheka.

Shule hakuiona. Baba yake alikuwa na mabinti wawili na uwezo wa kusomesha mmoja, akamchagua mdogo, kwa kuwa mdogo alikuwa mwepesi wa kushika na mkubwa alikuwa na mikono ya kazi. Kwa hiyo herufi za kibodi hazikumwambia kitu, akazitia rangi za kucha. Kitufe cha bluu kilisimamisha wimbo. Cha waridi kilihifadhi kazi pembeni, ule wa mwanzo ukabaki kama ulivyokuwa. Chekundu kilihifadhi juu ya ule ule, wa mwanzo ukapotea moja kwa moja. Hicho chekundu alikiogopa kama sufuria inayochemka.

Kabla ya fagio alikuwa mwimbaji. Yeye na mdogo wake waliimba katika bendi ya mume wake, mpiga gitaa, na watu waliwaita Madada. Bendi ilikuwa na maikrofoni moja tu ya waimbaji, ikabidi wasimame shavu kwa shavu, mkubwa sauti ya chini, mdogo sauti ya juu. Halafu mama mkwe akaugua. Mama Usafi akahamia hospitali kumuuguza, akimgeuza, akimwogesha, akilala sakafuni chini ya kitanda chake. Aliporudi nyumbani kuchukua nguo safi, gitaa halikuwapo ukutani, na ndala za mdogo wake hazikuwapo mlangoni. Mwanamume alikuwa amemwachia mama yake mgonjwa, naye akaondoka na mdogo wake mzima. Mama mkwe alipopona alisema mwanamke anayejua kukaa na mume hakimbiwi. Maneno hayo Mama Usafi aliyasikia akiwa ameshika beseni la kumwogeshea. Akalitua chini taratibu, akaenda zake.

Miaka ikapita, nywele zikaanza kugeuka, ndipo mtangazaji wa redio alipokuja studio. Alikuwa na kipindi cha nyimbo za zamani, kila Ijumaa mchana baada ya habari, na wasikilizaji walikuwa wakiuliza wale Madada wako wapi, naye alitaka wimbo wao. Mama Usafi alikuwa na kanda moja tu. Fundi akaicheza, akauingiza wimbo ndani ya kompyuta, na alipokuwa akiirudisha nyuma, kanda ikajisokota, ikakatika vipande. Mama Usafi alisema haidhuru, kwa kuwa wimbo ulikuwa umeshaingia. Kisha akavaa hedifoni, akausikiliza mwanzo hadi mwisho, akazivua.

“Huyu mmoja namtoa,” alisema.

“Utamtoaje, mama? Mmeimba kwenye maikrofoni moja.”

“Kama nilivyowatoa mbwa.”

Fundi alimtazama, akaona hakuna utani. Akamwambia ana wiki tatu kabla wimbo haujapigwa redioni.

Sauti kwenye kioo cha kompyuta ilionekana kama moshi wa rangi. Ya kwake ilitambaa chini, nene, rangi ya chungwa. Ya mdogo wake ilikwenda juu kwa nyuzi nyembamba za njano, zikipanda na kushuka kama mtu anayeruka madimbwi. Kazi ilikuwa kuzivuta karibu nyuzi zile mpaka zijae kioo, kisha kuzifuta moja moja kwa kipanya, kwa mkono usiotetemeka, bila kuugusa ule moshi wa chungwa. Mstari mmoja wa wimbo ulimla asubuhi nzima. Alifika kabla ya fundi, akaondoka jua likizama, na chai aliyowekewa ilipoa kwenye kikombe mpaka ikaota ngozi.

Wiki ya kwanza macho yalimwasha. Wiki ya pili yakawa kama yametiwa mchanga, shingo ikakaza, na kichwa kikampiga upande mmoja kuanzia kwenye nyusi hadi kisogoni. Akitembea kwenda nyumbani aliziona nyuzi za njano juu ya kuta za watu. Fundi alimsihi apumzike, akamwambia hata punda hushushwa mzigo. Alijibu kwamba punda hana wiki tatu. Mwishowe fundi alizima umeme wa chumba kizima kwenye swichi kubwa, akasema hauwashi mpaka aende kwa daktari wa macho.

Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo kama yeye, mwenye sauti ya kukatisha maneno. Alimmulika jicho hili, akamulika na lile, akamuuliza kazi yake. Alipoambiwa, akaguna.

“Macho yako hayaumwi, dada. Yamechoka. Unakodoa mpaka unasahau kupepesa, na jicho lisilopepeswa linakauka.”

Akamwelekeza kama mtu anayempa mwenzake mapishi. Kioo akiweke umbali wa mkono ulionyooshwa, sehemu ya juu yake isizidi usawa wa macho. Mwanga wake aupunguze ulingane na mwanga wa chumba, na dirisha lisiwe nyuma yake likang’aa ndani ya kioo. Apepese kwa makusudi. Anywe maji. Ainuke mara kwa mara, azungushe mabega, na kazi ya masikio aifanye kwa masikio, macho yakiwa yamefumbwa. Zaidi ya yote, kila baada ya muda mfupi ayaondoe macho kwenye kioo, atazame kitu kilicho mbali.

“Mbali kiasi gani?” Mama Usafi aliuliza.

“Mbali tu. Barabarani, kwenye miti, popote. Msuli wa jicho ukitazama karibu siku nzima unakuwa kama ngumi iliyokunjwa. Ukitazama mbali unakunjuka.”

Aliyafuata yote. Aliigeuza meza, akapunguza mwanga, akaweka chupa ya maji karibu na kipanya, akawa anapepesa hata fundi akamuuliza kama anamkonyeza. Kichwa kilipoa. Mchanga ukapungua machoni. Lililomshinda lilikuwa lile moja la kutazama mbali.

Dirisha la studio lilitazama barabara iendayo kituo cha mabasi. Barabara ile ilipanda kilima kidogo, na mabasi yalipofika juu yalizama upande wa pili kama yamemezwa. Siku ya kwanza aliinuka kama alivyoelekezwa, akasimama dirishani, akatazama juu ya kilima. Basi likapanda, likazama. Bila kujiandaa akajikuta akimwona mdogo wake amekaa kiti cha dirishani, akisuka na kufumua ncha ya nywele zake kama alivyofanya kila akiwa na wasiwasi. Je, aligeuka nyuma siku ile? Alikuwa na koti? Kifua chake hakikupenda baridi. Mama Usafi aliyashangaa maswali yake mwenyewe. Alikuwa ameshazoea kumkumbuka mdogo wake kwa ubaya tu, na ubaya ule ulikuwa na joto lake, ulimwamsha asubuhi na kumpeleka kazini. Lakini kule mbali, juu ya kilima, hakumwona mwizi wa mume. Alimwona mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda kisimani, akimpumulia shingoni.

Alijaribu tena siku iliyofuata, ikawa vile vile. Siku ya tatu alilifunga pazia. Alipoulizwa na fundi alisema jua linamwumiza. Akarudi kukikodolea kioo, karibu kabisa, pale ambapo mdogo wake alikuwa nyuzi za njano tu, zinazofutika.

Mchanga ukarudi, na kichwa nacho. Jumatano ya wiki ya mwisho alifuta uzi wa mwisho. Macho yalikuwa yamevimba, yanatiririka machozi ya uchovu, na rangi zote kwenye kibodi zilikuwa zimefanana kama nguo zilizofuliwa pamoja. Alitafuta cha waridi. Akabonyeza. Akazima mashine, akaenda nyumbani akijishikilia ukutani.

Asubuhi jicho moja lilikataa kufunguka. Fundi alimkuta kwenye kiti chake studio, kitambaa chenye maji kimelala usoni, akakigeuza kioo kitazame ukuta. Akamwambia leo hakuna kutazama, aupokee wimbo wake kwa masikio, kisha wautume redio. Mama Usafi akaegemea kiti, akafumba macho, wimbo ukaanza.

Alikuwa peke yake. Ilikuwa sauti yake ya ujana, nzito, yenye unyevu, na moyo ulimruka kwa fahari. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwishoni mwa ubeti wa pili palikuwa na neno refu, lile ambalo watu walikuwa wakilisubiri na kupiga vigelegele, na miaka yote aliamini kwamba alilivuta yeye mpaka mwisho. Sauti yake ilipanda, ikashika, ikakatika katikati. Palifuata gitaa tupu, na pumzi ya mwanamke anayehema. Kisha sauti yake ikaingia tena, kama mtu anayerudi kutoka uani na kukuta wageni wameshaondoka.

Aliomba irudiwe, ikarudiwa. Ndipo mwili ukakumbuka kabla ya akili. Alikumbuka kidole cha mdogo wake kwenye kiwiko chake, kikibonyeza pale pale, katika kila onyesho. Kilimaanisha pumua, nimelishika. Mdogo alishuka kutoka kwenye sauti yake ya juu, akalibeba lile neno kwa sauti ya dada yake, shavu kwenye shavu, ili asiwepo hata mtu mmoja ukumbini wa kujua kwamba mkubwa kaishiwa pumzi. Na hakuwahi kulisema, hata siku walizogombana.

“Nifungulie ule wa mwanzo,” alisema.

Fundi akakigeuza kioo, akatafuta. Akatafuta sana. Mama Usafi akafungua jicho lake zima na kumwona ameweka mkono kichwani.

“Mama, hakuna wa mwanzo. Huu umekaa juu yake. Ulibonyeza chekundu.”

Hakulia. Aliuliza kama kompyuta inaweza kuurudisha, akajibiwa kuwa fundi atajaribu, na mpaka saa ya chakula alikuwa amejaribu kila alichokijua. Vipande vya kanda vilishatupwa. Fundi alisema kwa upole kwamba ule uliopo unatosha redio, si ndivyo alivyotaka, sauti yake peke yake? Pale pa pengo angeweza kuongeza gitaa kidogo, na msikilizaji asingejua.

Mama Usafi alitoa simu. Humo watu wake wote walikaa kwa picha, kwa kuwa majina asingeyasoma. Fundi alikuwa nyundo, muuza maziwa alikuwa ng’ombe. Namba moja aliyopewa na shangazi yao, ambayo hakuwahi kuipiga, alikuwa ameiwekea nyoka. Akambonyeza nyoka.

Iliita mpaka akafikiri itakata.

“Shikamoo, dada,” sauti ikasema. Ilikuwa imezeeka, lakini bado ilikaa juu.

Hakuuliza nani anapiga. Kumbe naye alikuwa na namba. Mama Usafi akaitikia, kwa sababu salamu ile hata adui huwezi kumwachia hewani.

“Marahaba. Ule wimbo wetu, unayo kanda yake?”

“Ninayo. Naificha kwenye debe la unga. Yeye hapendi kuisikia.”

“Bado yuko?”

“Yuko.”

Neno hilo lilimchoma pale pale alipotegemea. Alitaka kusema mengi. Aliyaandaa miaka mingi, akiyapanga na kuyanoa akifagia, na sasa yote yalimjaa mdomoni. Badala yake alisikia pumzi ya upande wa pili ikikatika katika vipande vidogo, kama zamani mdogo wake akilia chini ya shuka ili asisikiwe.

“Nikuletee, au niitume?” mdogo akauliza.

“Kanda kuukuu haitumwi. Itakatika. Ilete. Uje peke yako.”

“Dada, mimi…”

“Sijasema nimesamehe. Nimesema ulete kanda.”

Simu ilipokatika alimwambia fundi awaarifu redio kwamba wimbo haujawa tayari. Fundi akamkumbusha kwamba Ijumaa ni kesho na mtangazaji si mtu wa kungoja. Nafasi ikienda kwa mwingine huenda isirudi. Akamuuliza mara mbili kama ana hakika. Mama Usafi akasema waambiwe Madada ni wawili, na mmoja yuko njiani.

Ijumaa mchana, habari zilipokwisha, kipindi kikaanza. Mtangazaji alisema wale Madada waliotarajiwa hawakupatikana, akapiga wimbo wa bwana mmoja aliyeimba kwa pua. Mama Usafi aliusikiliza wote amekaa dirishani, pazia likiwa wazi, mikono ikiwa mapajani. Mdogo wake hakuwa amefika, wala hakuwa amesema atafika lini. Basi moja lilishuka kutoka kilimani, watu wakateremka na mizigo yao, wakatawanyika, na barabara ikabaki na vumbi. Lingine lilikuwa linakuja.